Suria katika Ukoo wa Kifalme: Kumbukumbu za Seyyida Salme Zikisomwa kwa Msamiati wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki Memoiren einer arabischen Prinzessin, kumbukumbu zilizochapishwa Berlin mwaka 1886 na Seyyida Salme binti Said wa Zanzibar, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Kwa kawaida kitabu hiki husomwa ama kama ushuhuda wa maisha ya wanawake wa kasri, ama kama kisa cha binti wa mfalme aliyeihama nchi yake kwa ajili ya ndoa. Makala inapendekeza kisomwe kama historia ya ukoo wa Al Busaid inayohesabiwa kwa upande wa akina mama. Hoja kuu ni kwamba kitabu kina mgongano wa ndani kati ya sura zinazomsimulia mama, ambaye alikuwa suria, na sura inayoutetea utumwa. Na kwamba mgongano huo, ambao Kijerumani kinaweza kuufunika, hauwezi kufunikika pale maelezo hayo yanaporejeshwa katika Kiswahili, lugha yenye maneno mengi ya kuutaja utumwa kwa daraja na hali zake.

1.0 Utangulizi

Historia za koo za kifalme huandikwa mara nyingi kwa mpangilio wa tawala. Mfalme hufariki, mrithi huketi, na msomaji huvushwa kutoka jina moja hadi jingine kama anayehesabu shanga. Ukoo wa Al Busaid wa Zanzibar umeandikiwa historia za namna hiyo, na orodha yake inajulikana. Baada ya Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki baharini mwaka 1856, walitawala Majid (1856–1870), Barghash (1870–1888), Khalifa (1888–1890), Ali (1890–1893), Hamad bin Thuwaini (1893–1896), Hamoud bin Muhammad (1896–1902), Ali bin Hamoud (1902–1911), Khalifa bin Haroub (1911–1960), Abdullah (1960–1963) na Jamshid, aliyepinduliwa Januari 1964. Kati ya Hamad na Hamoud, Khalid bin Barghash alilishika kasri kwa siku chache tu mnamo Agosti 1896, mpaka mizinga ya Waingereza ilipomwondoa kwa vita visivyozidi saa moja.

Orodha hii ni sahihi, lakini ni ya upande mmoja. Masultani hao wote 10, pamoja na Khalid, ni wazao wa Seyyid Said, na Salme anatueleza kwamba watoto wote wa Seyyid Said aliowajua walizaliwa na masuria. Mke wake mkuu wa ukoo bora, Bibi Azza binti Sef, hakumzalia mtoto. Kwa hiyo kila aliyekalia kiti cha Zanzibar baada ya 1856 alikuwa na mama, bibi, au bibi wa mababu zake, aliyeingia nyumbani mwa kifalme kwa kununuliwa. Jambo hili si siri. Hata hivyo, halina nafasi katika historia inayohesabu baba kwa mwana. Lina nafasi katika kitabu cha Salme, na ndiyo sababu kitabu hicho kinastahili kusomwa upya na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, ijapokuwa hakikuandikwa kwa Kiswahili.

2.0 Historia inayohesabiwa kwa nyumba

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri ya Mtoni, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Jambo la kwanza linalomvuta mhakiki ni muundo wa masimulizi yake. Hapangi habari zake kwa tawala. Anazipanga kwa nyumba. Tunaanza Beit il-Mtoni, tunahamia Beit il-Watoro, kisha tunaingia katika nyumba za mjini zilizo karibu na Beit il-Sahil. Kila nyumba ina wanawake wake, watoto wake, watumishi wake na lugha zake. Katika Mtoni, anasema, Kiarabu ndicho kilichotakiwa kusemwa mbele ya baba. Baba akiondoka, nyumba hurudia Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkasi, Kinubi na Kihabeshi. Kwa hiyo lugha ya ufalme ilikuwa moja, lakini lugha za akina mama zilikuwa nyingi.

Mpangilio huu wa nyumba una maana katika siasa ya ukoo. Salme alihamia Beit il-Watoro kwa sababu mama yake, Jilfidan, na mama yake Majid, wote wawili wakiwa Wacherkasi, walikuwa wamewekeana ahadi kwamba atakayebaki hai atawalea watoto wa mwenzake. Mama yake Majid akatangulia kufa. Majid alipofikia umri wa kuwa na nyumba yake mwenyewe, Jilfidan alikwenda kukaa naye pamoja na binti yake. Huu ni mkataba ambao haukuandikwa wala kushuhudiwa na kadhi, lakini ndio uliomweka Salme katika nyumba ya mtu aliyekuja kuwa Sultani. Historia ya tawala hutuambia kwamba Majid alimrithi baba yake Zanzibar huku Thuwaini akibaki Maskati. Salme anatuonyesha ni nani aliyemlea Majid katika siku zake za upweke.

Vivyo hivyo katika uasi wa 1859. Barghash, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi, alitaka kumpindua Majid. Salme, akiwa na umri wa miaka 15 hivi na akiwa amefiwa na mama yake kwa kipindupindu, alivutwa upande wa Barghash na mapenzi yake kwa dada yake Khole. Kwa kuwa alijua kuandika, alifanywa katibu wa njama. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, wakati ambapo wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu. Kwa hiyo kalamu ya kwanza ya mwandishi huyu ilitumika kumsaliti yule ambaye mama yake mwenyewe alikula ahadi ya kumlea. Uasi ulishindwa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, na Majid akamsamehe dada yake. Salme anakiri kosa lake kwa majuto, na sehemu hiyo ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote katika kitabu. Mhakiki angeweza kuisoma kama toba ya mtu binafsi tu. Lakini kwa mpangilio wa kitabu chenyewe ni zaidi ya hayo: aliyevunjiwa ahadi si Sultani peke yake, ni mama aliyekwisha kufa.

3.0 Mama aliyenunuliwa

Habari za Jilfidan katika kitabu ni chache, lakini zimechaguliwa vizuri. Alikuwa mtoto wa mkulima wa Kicherkasi. Vita vilipoingia kijijini kwao, alitekwa pamoja na ndugu zake wawili, na wote watatu wakatawanywa. Alifika nyumbani kwa Seyyid Said akiwa na miaka saba au minane, na ushahidi wa umri huo ni kwamba jino lake la kwanza la utotoni lilidondokea humo. Alilelewa pamoja na mabinti wa Seyyid Said walio rika lake, akajifunza kusoma pamoja nao, na baadaye akawa suria.

Habari ya jino ni ndogo, lakini inabeba mengi. Binti hana tarehe ya kuzaliwa kwa mama yake, hana jina la kijiji, hana nasaba ya kuisimulia. Upande wa baba anaweza kupanda ngazi za ukoo hadi Oman ya karne ya 18. Upande wa mama anasimama kwenye jino la mtoto. Salme hasemi kwamba jambo hili linamuumiza. Analiandika tu, kisha anaendelea. Ukimya huo ndio unaopaswa kumshughulisha mhakiki.

Katika sehemu nyingine Salme anatangaza kwamba watoto wote wa baba yake walikuwa sawa kwa kuwa wote walizaliwa na masuria, na hivyo hapakuwa na haja ya kupima damu ya nani ni ya rangi gani. Lakini hakuna haja ya kwenda mbali ili kuona kwamba usawa huo ulikuwa wa kisheria zaidi kuliko wa moyoni. Yeye mwenyewe anasimulia jinsi watoto wa Wacherkasi walivyoitwa paka na ndugu zao wenye damu ya Kiafrika, kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Anasimulia pia chuki iliyokuwapo kati ya akina mama wa Kicherkasi na wa Kihabeshi, naye hajitengi nayo kabisa. Anapowaeleza Wahabeshi, kalamu yake ina ubaridi ambao haina inapowaeleza watu wa mama yake. Watoto walikuwa sawa mbele ya urithi; mbele ya kioo hawakuwa sawa.

4.0 Neno moja la Kijerumani, maneno mengi ya Kiswahili

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Salme aliandika kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani mjini Hamburg, akiwaandikia kwanza watoto wake waliozaliwa huko baada ya kufiwa na mumewe mwaka 1870. Kijerumani kilimpa neno moja la jumla la kumtaja mtumwa, Sklave, ambalo huongezewa maneno mengine linapohitaji kufafanuliwa. Kwa masuria hakulitumia neno hilo kuwa jina lao la kawaida. Alibakiza neno la kwao, akalieleza mara moja kwamba ni wanawake walionunuliwa, kisha akaendelea kulitumia kama cheo cha nyumbani. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kijerumani anawaona watu wa aina mbili wasiohusiana: masuria, walio sehemu ya familia, na watumwa, walio sehemu ya mali.

Mtu anayeisoma habari hiyo kwa Kiswahili hana raha hiyo. Kiswahili cha pwani cha karne ya 19 kilikuwa na mfululizo wa maneno yaliyomfuata mtumwa hatua kwa hatua. Mateka ni aliyetekwa vitani. Mjinga, kabla ya neno hili kupata maana tunayoijua leo, alikuwa mtumwa aliyeletwa karibuni, asiyejua lugha wala desturi za pwani. Mzalia ni aliyezaliwa utumwani pwani. Mtwana ni mwanamume, mjakazi ni mwanamke. Kibarua alikuwa mtumwa aliyetumwa mjini kufanya kazi ya ujira wa siku, jina likitokana na kipande cha karatasi alichopewa. Leo ni mfanyakazi yeyote wa kutwa. Suria ni mwanamke wa bwana asiye mke wa ndoa. Na juu ya hayo yote limekaa neno mtumwa, lililotokana na kitenzi tuma: yule ambaye safari zake zinaamuliwa na mwingine.

Maneno haya hayatengani kama visanduku. Yanafuatana. Mtu mmoja aliweza kuyapitia kadhaa katika maisha yake, na Jilfidan aliyapitia: alikuwa mateka katika nchi yake, mgeni asiyejua lugha alipofika, mtoto wa kulelewa, suria, na hatimaye mama wa Seyyida. Kwa Kijerumani cha binti yake, safari yote hiyo inafupishwa kuwa mama yangu. Mwenye kuitafsiri habari hii kwa Kiswahili atalazimika kuamua katika kila ukurasa ni neno lipi kati ya hayo linafaa, na kila uamuzi utaurudisha uhusiano ambao Kijerumani kiliuacha ulegee: kwamba suria na mjakazi walipandishwa jahazi moja.

Inaweza kupingwa kwamba kumwita suria mtumwa ni kuidharau sheria iliyomlinda. Pingamizi hili lina nguvu, na halifai kupuuzwa. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru na mrithi kamili, jambo ambalo mtoto wa mtumwa katika mashamba ya Marekani hakulijua. Hadhi ya mama nayo ilipanda kwa kuzaa. Tofauti hii ni ya kweli, na Salme ana haki ya kuisisitiza mbele ya wasomaji wa Ulaya waliozoea kuuona utumwa wote kwa sura moja. Lakini hadhi inayopatikana kwa kuzaa inathibitisha hali iliyokuwapo kabla ya kuzaa. Heshima ya Jilfidan ilipitia kwa Salme. Haikuwa yake tangu mwanzo.

5.0 Sura ya utumwa

Katika sura anayouzungumzia utumwa waziwazi, Salme anajenga utetezi. Anadai kwamba utumwa wa nchi za Mashariki haulingani na ule wa Amerika, kwamba Wazungu huzungumza bila kujua, na kwamba kuukomesha kwa haraka kumewaacha walioachwa huru bila kazi na wenye mashamba bila mikono. Anaikumbusha Ulaya hali ya maskini wake wenyewe. Hoja hizi hazikuwa ngeni wakati ule. Mwaka 1873 Barghash alikuwa ameshinikizwa kutia saini mkataba uliolifunga soko la watumwa la Zanzibar, na ndani ya ukoo wake mambo haya yalikuwa yanazungumzwa kwa uchungu.

Kinachoifanya sura hii iwe tatizo la kifasihi, mbali na kuwa tatizo la kimaadili, ni mahali inaposimama msemaji wake. Hoja yake imejengwa juu ya watumwa wa kazi, wa mashambani na wa nyumbani. Anazungumza kama binti wa mwenye mali. Lakini msomaji aliyeanza kitabu mwanzo hajasahau wale ndugu watatu waliotawanywa wala lile jino. Mwandishi aliyetufundisha kumpenda Jilfidan anatutaka sasa tuupime utumwa kwa hasara ya mikarafuu. Sauti mbili zimo katika kitabu kimoja: ya binti wa Seyyid Said na ya binti wa Jilfidan. Katika sura hii ya kwanza inasema, ya pili imenyamaza.

Haitoshi kuishutumu sura hii kisha kuiacha. Ikumbukwe kwamba Salme aliandika akiwa mjane, mbali na kwao, akihangaikia urithi wake ambao Barghash alikataa kumpa. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar ndani ya meli ya Kijerumani wakati serikali ya Bismarck ilipokuwa ikimbana Barghash, na madai yake yakageuzwa kuwa chombo cha mashindano ya mataifa. Katika hali hiyo, jambo pekee lililompa nguvu ya kudai ni kwamba yeye ni binti wa Seyyid Said. Kuusema utumwa kwa kinywa cha Jilfidan kungedhoofisha dai hilo. Maelezo haya hayamwondolei lawama. Yanaonyesha kwamba historia ya ukoo, ikiandikwa kwa ajili ya kudai haki ndani ya ukoo, huwa na gharama, na katika kitabu hiki gharama hiyo imelipwa na mama.

6.0 Ukimya wa kitabu na ukimya wa sheria

Mgongano huu hauko katika kitabu peke yake. Mwaka 1897, chini ya Seyyid Hamoud, ilitolewa amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa aliweza kwenda kudai uhuru wake. Masuria hawakuhesabiwa. Amri iliwatazama kama wake, na ikawabakiza majumbani isipokuwa pale ambapo palithibitika ukatili. Ilipita miaka 12 kabla ya amri ya 1909, katika utawala wa Ali bin Hamoud, kuwafikia nao.

Kwa hiyo wakulima wa karafuu, wapagazi na wapishi walitajwa kwanza. Mwanamke ambaye kwa mwili wake nyumba ya kifalme yenyewe ilipatikana alitajwa mwisho. Salme alikiandika kitabu chake zaidi ya miaka 10 kabla ya amri ya kwanza, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kiliathiri lolote. Lakini kitabu na sheria vinatumia njia moja. Vyote viwili vinamtoa suria katika habari ya utumwa kwa kumwingiza katika habari ya familia. Jina la heshima linafanya kazi ya kufuli.

Inafaa hapa kukumbuka Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1978. Riwaya hiyo haihusu Sultani bali tajiri mwenye mashamba, na inaitazama kasri kwa macho ya wanaoifagia. Mtumishi wake mzee na mwaminifu anaitwa Kijakazi. Shafi amechukua neno la daraja akalifanya jina la mtu, na msomaji wa Kiswahili haambiwi zaidi: kila anapoitwa, historia yake inatajwa. Salme alifanya kinyume chake. Alichukua mtu mwenye jina zuri la Jilfidan, akaliondoa neno la daraja karibu yake. Kazi hizi mbili, zilizotenganishwa na takribani miaka 90 na mapinduzi moja, zinahitajiana. Ya Shafi haioni kwamba chumba cha ndani cha kasri nacho kilikuwa na watu walionunuliwa. Ya Salme inaona chumba cha ndani, lakini inapofika uani inabadilisha macho.

7.0 Hitimisho

Tangu 1964, ukoo wa Al Busaid umezungumzwa Zanzibar kwa namna mbili. Kuna wanaoukumbuka kwa hamu, na kuna wanaoukumbuka kama utawala wa wageni. Pande zote mbili huhesabu nasaba kwa baba, kama historia ya tawala inavyofanya, na kwa hesabu hiyo ukoo ni wa Kiarabu tu. Kumbukumbu za Salme, zikisomwa kama zilivyosomwa hapa, zinaleta hesabu ya pili, ambamo nyumba hiyo ni ya Kicherkasi, ya Kihabeshi na ya watu wengine wengi waliofika bila kupenda. Hesabu hii haiufanyi usultani kuwa mwema zaidi. Kinyume chake, inaonyesha kwamba utumwa haukuishia mashambani, bali uliingia hadi chumba alimozaliwa mfalme. Lakini inamzuia msomaji asigawe watu wa zamani kuwa wenye kumiliki na wenye kumilikiwa kana kwamba hawakuwahi kulala nyumba moja.

Makala hii inapendekeza mambo mawili. Kwanza, kumbukumbu hizi zihesabiwe miongoni mwa matini ambazo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anawajibika kuzijua, kwa kuwa dunia inayosimuliwa ni ya Waswahili hata kama kalamu ni ya Kijerumani. Pili, anayezitafsiri asitafute neno moja la kumaliza kazi. Sura ya utumwa ikifika katika Kiswahili, maneno mateka, mjakazi na suria yawekwe karibu karibu kama yalivyokuwa karibu katika maisha ya Jilfidan. Binti hakumtaja mama yake mahali hapo. Lugha aliyozaliwa ndani yake inaweza kumtaja.